Makopo Mawili na Vizibo 12

Kwetu Pangani, njia ya kutoka nyumbani kwenda chuoni, yaani madrasa, ilipita mbele ya baraza tatu. Kila baraza ilikuwa na wazee wake, na kila mzee ana haki yake ya shikamoo. Nikiwa na miaka sita hivi nilikuwa nimeshagundua njia nyingine, ya nyuma, inayopita minazini na kuzunguka choo cha jirani. Ilikuwa ndefu maradufu na ina upupu. Niliipita hiyo karibu kila siku. Mama alidhani napenda kuzurura. Wazee walidhani mtoto wa fulani kakosa adabu, na mmoja wao akalifikisha kwa baba, nikachapwa. Kuulizwa, sikuulizwa na mtu.

Neno lenyewe linaanza na sh. Sh yangu ilikuwa kama bomba la mtaani siku ya mgao: shhhhh ya upepo mtupu, watu wamepanga ndoo, maji hayaji. Mzee anakutazama. Au anatazama pembeni kwa huruma, ambayo ni mbaya zaidi. Mwingine anakumalizia: "Marahaba, marahaba, nenda mwanangu." Umeitikiwa salamu ambayo hukuitoa.

Chuoni kwenyewe nilikuwa msomaji mzuri. Tulisoma kwa pamoja, watoto arobaini tukiyumba mbele na nyuma, na ndani ya sauti ile kigugumizi changu kilipotea kabisa. Wengi wetu tunalijua hilo: ukiimba, ukisoma sambamba na wenzako, ulimi unafunguka. Akisema maalim "Haya, wewe peke yako," basi tena. Alikuwa mtu mpole. Alinifundisha ile dua ya Nabii Musa katika Sura Taha, aliyoomba afunguliwe fundo la ulimi wake, nikaisoma baada ya sala kwa miaka. Baadaye nilipokaa na wenzangu Wakristo nikakuta nao wanaye Musa huyo huyo katika kitabu cha Kutoka, mzito wa ulimi, anamwomba Mungu atume mtu mwingine. Nilimwelewa sana hapo pa kuomba atumwe mwingine.

Leo nina miaka arobaini na kidogo, nafanya kazi Tanga mjini, na watu huniita daktari wa kuongea. Si daktari. Nilisomea tiba ya matamshi na lugha Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere, kilichoanza kufundisha fani hiyo mwaka 2008. Kigugumizi bado ninacho. Baba mmoja, fundi baiskeli, aliniangalia nikikwama kwenye jina la mwanawe, akasubiri mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Sasa daktari, na wewe nani anakutibu?" Nilicheka kweli. Tangu siku hiyo huwaambia wazazi mapema kwamba hapa hatuuzi ulimi mpya.

Wanaoletwa kwangu wengi ni wa miaka mitatu hadi sita, maana kigugumizi huanza zaidi kati ya miaka miwili na mitano, pale sentensi za mtoto zinapoanza kurefuka. Walio wengi, kama watatu katika kila wanne na pengine zaidi, kitawaacha wenyewe wakikua. Lakini hakuna awezaye kumtazama mtoto mmoja akaapa kwamba huyu ni wa fungu hili au lile. Wakifika kwangu wameshapita kwingine. Bibi kasema alitekenywa mno uchangani. Shangazi kasema alimwiga mtu. Kuna mmoja alishakatwa udata, ule utando unaoushika ulimi kwa chini, akaja na kidonda chini ya ulimi na kigugumizi chake kipo pale pale. Udata na kigugumizi havina undugu wowote, na hili nalisema kwa hasira kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza kazi ilikuwa kuhesabu. Unamwacha mtoto aongee, unamrekodi kwa simu, kisha unahesabu silabi ngapi zimekwama katika kila mia. Kiswahili hakisumbui kwa hili, silabi zake zimekaa mojamoja kama shanga. Unaandika pia namna: anarudia, anavuta, au anaziba kabisa bila sauti, anafumba macho, anapiga mguu chini. Ukimaliza unamgeukia mzazi: "Na mwenyewe analionaje?" Mzazi anajibu, "Huyu? Bado mdogo, hajui kitu." Nikaandika: hana habari. Nikafunga faili.

Mimi, mtoto wa njia ya minazini, ndiye niliyekuwa naandika hivyo.

Wazo hilo lina umri mkubwa kuliko mimi. Mwaka 1932 daktari Charles Bluemel wa Marekani aligawa kigugumizi mafungu mawili: cha mwanzo, cha mtoto asiyejitambua wala kuhangaika, na cha pili kinachokuja na hofu na kupambana. Wendell Johnson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa huko huko Marekani, ambaye naye alikuwa na kigugumizi, alikwenda mbali zaidi. Kwake yeye jambo lilianzia katika sikio la mzazi, si kinywani mwa mtoto. Mzazi akishalipa jina, limezaliwa. Mwaka 1939 mwanafunzi wake alilijaribu hilo kwa watoto 22 wa kituo cha yatima mjini Davenport. Baadhi yao walikuwa wakiongea vizuri tu, wakaambiwa wana dalili za kigugumizi na wajichunge. Uchambuzi uliofanywa baadaye haukuona kwamba waligeuka kuwa na kigugumizi, ila wapo waliojikunja wakawa hawataki kuongea. Chuo Kikuu cha Iowa kiliomba radhi mwaka 2001. Ukiyasoma hayo unaelewa kwa nini vizazi vya wataalamu vilirithishana onyo moja: usilitaje mbele ya mtoto. Kutolitaja kukageuka kuwa kutomuuliza, na kutomuuliza kukageuka kuwa "hajui kitu".

Watafiti Martine Vanryckeghem na Gene Brutten walifanya jambo ambalo ukilitazama sasa ni dogo mno: waliwauliza watoto. Kipimo chao, KiddyCAT, kilichapishwa mwaka 2007. Kina maswali 12 ya ndiyo na hapana kwa watoto wa miaka 3 hadi 6. Katika utafiti waliouchapisha miaka miwili kabla, watoto wenye kigugumizi walitoa kwa wastani majibu 4 na ushee yanayoonyesha kwamba kuongea kwao ni jambo gumu au baya. Wasio na kigugumizi hawakufika 2. Kuna watoto wa miaka mitatu humo. Nilipousoma utafiti huo nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Baada ya kukaa kwenye ngazi nikarudi ndani nikafanya kosa jingine, la upande wa pili.

Aliletwa mvulana wa miaka minne na nusu. Nitamwita Dereva, kwa sababu alikuwa na gari la kopo lenye magurudumu ya vizibo na hakuliacha mkononi. Kigugumizi chake kilikuwa kizito kuliko chochote nilichokuwa nimekiona kwa mtoto wa umri ule. Alifumba macho, shingo ikamkaza, mguu ukagonga sakafu, na neno likatoka mwishowe kama kizibo cha chupa. Nilimwona nikajiona. Sikuhitaji kipimo. Nikamwita mama yake pembeni nikaongea naye saa nzima juu ya aibu, juu ya mtoto anavyobeba mzigo kimya kimya, juu ya watu wa barazani. Nilisema vizuri, nadhani sijawahi kusema vizuri vile. Mama akalia. Nikampa maji.

Ndipo, kwa kutimiza utaratibu tu, nikamuuliza Dereva mwenyewe.

"Maneno yako huwa yanakwama?"

"Eee."

"Yakikwama unafanyaje?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi. Akaliweka gari lake mezani, akalitia mkono kwa nyuma. "Nna... nna... nnasukuma."

"Halafu?"

"Linatoka."

Anapenda kuongea? Anapenda. Wenzake wanamcheka? Hapana, yeye ndiye anayewachekesha. Angetaka kuongea kama mtu mwingine? Hapa alifikiri kidogo, akasema angetaka kuongea kama honi ya basi. Kila nilipochimba palikuwa hamna kitu. Mtoto alikuwa na kigugumizi kizito na moyo mweupe, na mimi nilikuwa nimemliza mama yake kwa kilio cha Pangani cha miaka thelathini iliyopita.

Haikuwa na maana kwamba hahitaji msaada. Shingo ile ilihitaji kulegezwa na tulifanya kazi hiyo. Lakini msaada wa mtu anayesukuma gari si sawa na wa mtu aliyekwisha kuliacha gari njiani akaenda kwa miguu. Ukikosea hapo unaweza kumfundisha mtoto aibu ambayo hakuja nayo. Tangu siku ile nimejiwekea sharti la kumuuliza mtoto kwanza kabla sijajipa maoni, na kumuuliza nikijua kwamba mimi ndiye ninayeweza kuliharibu jibu.

Na jibu linaharibika kwa urahisi ajabu.

Maswali ya KiddyCAT sikuyatafsiri. Namba zile ni za watoto wa kwingine na lugha nyingine. Huwezi kulichukua swali, ukalivika kanzu, kisha ukalipima kwa mizani ya kule lilikotoka. Nilichochukua ni umbo: maswali 12 mafupi, mtoto ajibu bila kulazimika kuongea, maana kumtaka mwenye kigugumizi aeleze kwa maneno jinsi maneno yanavyomtesa ni kama kumtuma mwenye mguu mbovu akamwite mganga. Nikapata makopo mawili ya maziwa ya unga na vizibo 12 vya soda. Swali likiulizwa, mtoto anatia kizibo katika kopo la ndiyo au la hapana.

Kwanza nilibandika nyuso: kopo la ndiyo lina uso unaocheka, la hapana lina uso wa huzuni. Watoto wakatia vizibo vyote kwenye uso unaocheka. Nani anataka kumpa mtu mwenye huzuni kizibo? Nikaondoa nyuso nikapaka rangi, nyekundu na bluu, nikakuta nusu yao wanapenda nyekundu. Sasa makopo yangu hayana kitu, yanafanana kama pacha, na tunaanza kwa mchezo wa kujua lipi ni lipi. Wewe ni mbuzi? Una pua? Bibi yako ana mkia? Mpaka amekosea, amecheka, amejirekebisha, ndipo naamini kwamba ndiyo yake ni ndiyo.

Hili la mbuzi si la kumfurahisha tu. Mtoto wa chekechea kwetu amefundishwa kuitikia. Mwalimu akisema "Mmeelewa?" darasa zima linajibu "Ndiyooo!" hata kama mwalimu amesema upuuzi. Mtu mzima akikuuliza kwa sauti ya upole, ndiyo ni adabu. Nilikuwa na karatasi za watoto waliojibu ndiyo mara 12, pamoja na maswali yanayopingana. Nikauliza bila kujibebesha hatia: nani kati yetu angemwambia mgeni mwenye koti jeupe "hapana"? Koti nililivua. Na katika mazoezi nauliza kwa makusudi mambo ya uongo, tena kwa sauti ile ile ya upole, ili ajue kwamba humu chumbani kunikatalia kunaruhusiwa.

Halafu kuna ukanushi wetu. Swali kama "Huogopi kuongea?" kwa Kiswahili ni mtego. Mtoto akisema "ndiyo", amekubaliana na wewe: ndiyo, siogopi. Akisema "hapana", huenda anakukatalia, yaani naogopa, na huenda anasema hapana, siogopi. Kizibo kimoja, maana mbili. Nililigundua hili siku niliyorudia kusikiliza rekodi na kusikia mtoto akitia kizibo kwenye "ndiyo" huku akinong'ona "siogopi". Nikapitia maswali yote nikafuta kila "hu" na "ha" ya kukanusha. Ninayo yanayouliza ugumu na yanayouliza wepesi, yamechanganywa, lakini yote yanasimama upande wa kukubali: Kusema jina lako ni rahisi? Maneno yako yanakwama?

"Yanakwama" ni neno lao. Mwanzo nilikuwa naandika "Je, kuongea ni kugumu?" Binti mmoja wa miaka mitatu akaniambia mkate wa jana ndio mgumu. Siku hizi kabla ya kopo na vizibo namsikiliza mtoto analiitaje mwenyewe. Wapo wanaosema yananata, kama ubani. Wapo wanaosema yamegoma. Mmoja alisema "yanapotea njia". Nikishalijua neno lake, swali langu linavaa neno hilo.

Kuliko yote nilijifunza kwa neno "kusema". Nilimuuliza mtoto, "Unapenda kusema?" Akatia hapana. Nikaandika, nikasikitika. Swali la pili, "Watu wanapenda unavyosema?" Akatia hapana kwa nguvu, kisha akaniambia, "Mimi sisemi watu. Dada ndiye anasema." Kwake kusema ni kusemea, kupeleka maneno kwa mama. Nilikuwa namuuliza kama yeye ni mmbea. Kuanzia hapo ni "kuongea", na huku pwani hata hilo nalipima kwanza.

Tatizo jingine huwa limekaa kwenye kiti cha pembeni. Mtoto anashika kizibo, anamtazama bibi, bibi anatikisa kichwa kidogo, kizibo kinaingia. Huwezi kumwambia bibi wa watu atoke nje, nani wewe? Kwa hiyo nimeweka kapu la machungwa karibu na dirisha, na kisu. "Bibi, shikamoo, utanisaidia kumenya haya, watoto wakimaliza wale." Anageukia mwanga wa dirisha, mgongo kwetu, mikono ina kazi. Naamini machungwa yale yamenipa majibu ya kweli kuliko kozi nzima ya mwaka wa tatu.

Na kwa wasiotaka makopo kuna Soksi. Ni soksi kweli, ya kijivu, ina macho ya vifungo. Soksi anakwama. Watafiti wa Israel mwaka 2001 waliwaonyesha watoto wasio na kigugumizi vikaragosi viwili vinavyofanana, kimoja kinaongea sawa, kingine kinakwama, wakaona kwamba utambuzi unaanza tangu miaka mitatu na kwa wengi unakuwa umekamilika kwenye mitano. Na kuanzia miaka minne wengi walikiona kile kinachokwama kuwa kibaya. Kwa hiyo mwenye kigugumizi hayuko peke yake katika kujua, na wenzake wa chekechea nao wanajua. Kwangu Soksi si kipimo. Mtoto akisema "Soksi anaona haya," huenda anajisema, huenda anamsema Soksi tu. Naandika alivyosema, bila kumkopesha maana.

Nimefika kwa yule niliyetaka kumwandika tangu mwanzo.

Alikuwa na miaka mitano, na kilichomleta hakikuwa kigugumizi. Mama yake alisema, "Mjomba, mimi mwanangu anaongea vizuri. Tatizo lake ni ujeuri. Haamkii watu." Mwalimu wa chekechea alikuwa amesema hivyo hivyo, na kwamba akiitwa jina kwenye mahudhurio hanyanyui hata kichwa, mwenzake ndiye anayemwitikia "Yupo!" Bibi yake alikuja naye. Nilimrekodi akicheza na nikahesabu. Silabi mbili katika kila mia, marudio mepesi, hata mimi ningeweza kuyapita bila kuyasikia. Kwa mahesabu ya mwaka wangu wa kwanza, huyu nilikuwa nimfungie faili, nimrudishe nyumbani na ushauri wa malezi.

Bibi akaenda kwenye machungwa. Tukapiga mbuzi, pua na mkia. Kisha tukaanza.

Kuongea na paka ni rahisi? Ndiyo, haraka. Kuongea na mama? Ndiyo. Maneno yako yanakwama? Akakishika kizibo. Akakitia ndiyo taratibu kisipige kelele. Yakikwama, unaacha? Ndiyo. Unabadilisha neno? Ndiyo. Watu wanakumalizia neno? Ndiyo. Vizibo vilikuwa vinashuka kimya, analaza mkono ndani ya kopo kwanza, halafu anakiachia. Nikaja kwenye swali langu mwenyewe, ambalo hakuna mtafiti wa Marekani angelifikiria, nililolitia kwa sababu ya baraza tatu za Pangani. Shikamoo inakwama?

Hakutia popote. Alikiweka kizibo kinywani.

Tulikaa. Kisu cha bibi kilikuwa kinazunguka chungwa, ganda refu moja bila kukatika. Sikusema "usiogope", maana watu wakiniambia hivyo ndipo huogopa. Mwishowe akakitoa mdomoni, akakifuta kwenye gauni, akakitia ndiyo. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kukwama hata kidogo, "Nikinyamaza haikwami."

Bibi alikuwa ameacha kumenya.

Vizibo vyake 8 kati ya 12 vilikuwa upande wa ugumu. Namba hiyo haina cheti, maswali ni yangu na hayajapimwa kwa watoto mia wa Tanga. Sikuja nayo kama matokeo ya maabara. Lakini mtoto aliyekwama mara mbili kwa mia alikuwa amebeba zaidi ya Dereva aliyekuwa akigonga sakafu, na alikwama mara mbili kwa sababu mengine yote alikuwa ameyanyamazia. Alichapwa kwa ujeuri, kama nilivyochapwa. Nilijikumbusha habari ya Dereva, nikajizuia: huyu si mimi, usimpe kilio chako. Nikamuuliza bibi badala ya kumhutubia.

Bibi alikaa muda. Akasema, "Kumbe nilikuwa naye kila siku." Hakulia. Kwao Makorora, aliniambia, kutoka mlangoni mpaka dukani kuna watu wazima wasiopungua saba wa kuamkiwa.

Tulichofanya kilitoka kwake zaidi kuliko kwangu. Nilikuwa nimemweleza habari ya kusoma kwa pamoja, kwamba sauti mbili zikienda sambamba ulimi hufunguka. Akasema basi watatoka wote, na wakifika kwa mtu wataamkia pamoja, yeye na mjukuu wake, kwa sauti moja. Nilisita. Bibi wa miaka sabini anamwamkia kijana wa duka? "Nitasema nafundisha mtoto adabu," akajibu, "nani atauliza?" Nilisita pia kwa sababu ya taaluma: je, si njia nyingine ya minazini hii, ya kujificha nyuma ya sauti ya mwingine? Bado sina uhakika kamili. Niliona bora ajifiche akiwa barabarani kuliko ajifiche ndani. Na alilifanya jambo la pili bila kuniuliza: alipita kwa wale wazee mmojammoja akawaambia kwamba mjukuu wake shikamoo yake inachelewa njiani, wakisubiri itafika, na atakayemmalizia atakuwa hana adabu yeye.

Mwalimu wa chekechea alikuwa mgumu zaidi. Alinijibu kwamba akimruhusu mmoja kunyanyua mkono badala ya kuitika, kesho wote watanyanyua mikono. Nikamwambia huenda mahudhurio yakaenda haraka. Mwisho alikubali kuitana kwa wimbo.

Miezi mitatu baadaye walirudi. Alimwamkia mlinzi wa getini mwenyewe, nilisikia kutoka ndani, ikavutika, ikavutika, ikafika. Bibi akaenda moja kwa moja kwenye kapu lake. Niliyapanga makopo, nikashika vizibo, na mtoto akanipokonya. "Leo wewe," akasema. "Mimi nauliza."

Akaniuliza kama mimi ni mbuzi. Akaniuliza kama nina pua. Alikuwa anayajua yote kwa mpangilio, na pale asipokumbuka alitunga: kuongea na samaki ni rahisi? Nikatia ndiyo. Maneno yako yanakwama? Ndiyo. Watu wanakumalizia? Ndiyo. Alisubiri kila kizibo kitue ndipo aendelee, kama nilivyokuwa nafanya mimi, na mikono ameikunja kama ninavyoikunja.

"Sh... shhh... shhh..." Akakwama hapo. Hakuacha. Mimi nilikuwa na kizibo mkononi na nilijikuta nimezuia pumzi. "Sh... shikamoo inakwama?"

Nilikaa nacho kidogo kuliko nilivyotarajia. Nikatia ndiyo.

Tukafanya na zake. Kisha akavimimina vyote mezani na kuvihesabu kwa kidole, vyangu kwanza, vyake baadaye, akarudia kuhakikisha. Mimi nilikuwa na 7 upande wa ugumu, yeye 6.

"Umenishinda, mjomba," akasema, akavikusanya vizibo tuanze upya.